Kutoka Moshi Asubuhi, Kurudi Jioni

 

Nataka kuzungumza nanyi juu ya safari ndogo, safari za siku moja, ambazo mtu akaaye mjini Moshi aweza kuzifanya katika miteremko ya Kilimanjaro, akarejea kwake kabla chakula cha usiku hakijapoa. Sitasema habari za kupanda mpaka kileleni. Safari hiyo yataka siku tano, sita au zaidi, na nguo za baridi kali, na fedha ambayo mwalimu haionei hata ndotoni. Nasema habari za vijiji na miji midogo iliyo katikati ya mji wetu na msitu: Old Moshi, Marangu, Mamba, Machame, Uru, na pengine kadha wa kadha. Kwenda huko hapahitaji zaidi ya nauli ya daladala, viatu imara na mkate mfukoni.

Yafaa nianze kwa kuungama kosa langu. Mimi ni mtu wa Upare, nami nafundisha katika chuo cha ualimu, na somo langu ni jiografia. Nalikuwa nimekaa Moshi miaka kumi na mmoja, na kila asubuhi mbingu zikiwa safi naliuona mlima kutoka dirishani kwangu, mweupe juu, buluu katikati, kijani kibichi chini. Katika miaka hiyo yote nalifundisha mito ya Ulaya na majangwa ya Asia, lakini mwenyewe sikupata kupanda hata vilima vya karibu. Siku moja akaja mgeni, mwalimu mstaafu kutoka Tanga, mzee aliyepita miaka sabini. Tulikuwa tukinywa kahawa aliponiuliza, "Mwanangu, mji huu ulipataje jina lake?" Nami nikajibu upesi, kama wafanyavyo walimu wasiojua, ya kuwa labda ni kwa sababu ya mawingu yaufunikayo mlima, yafananayo na moshi. Mzee akanyamaza. Kesho yake akaondoka mapema peke yake, akarudi jioni, viatu vimejaa udongo mwekundu.

Akasema, "Mwanangu, natoka Moshi."

Nikacheka, nikamwambia, "Mzee, hapa ndipo Moshi."

Akasema, "La. Hapa ndipo ilipoishia reli. Moshi yenyewe iko juu kule, nami leo nimekaa chini ya mti alionyongewa mtawala wake."

Wasikilizaji, sikulala vizuri usiku ule. Jumamosi iliyofuata nikapanda huko mwenyewe, na tangu siku hiyo nimejiwekea desturi ya kutoka mara moja kwa mwezi.

Basi na tuanze na mahali hapo, kwa kuwa ndipo penye jina. Moshi lilikuwa jina la nchi ya mmoja wa mamangi wa Uchagani, iliyo juu mlimani, si tambarare. Mangi Rindi, ambaye wageni walimwita Mandara, alitawala pale mpaka alipofariki mwaka 1891, na mwanawe Meli akashika nafasi yake. Mwezi wa Juni mwaka 1892 Meli alipigana na jeshi la Wajerumani akalishinda, na mkubwa wa jeshi lile, von Bülow, akafa. Mwaka uliofuata Wajerumani walirudi na nguvu kubwa zaidi, wakashinda. Tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga Mangi Meli hadharani pamoja na watu wengine. Wote walikuwa 19, na miongoni mwao walikuwamo Mangi Ngalami wa Siha na Mangi Molelia wa Kibosho. Halafu, mwaka 1911, reli iliyotoka Tanga ikafika chini kule tambarare. Serikali ikashuka kuifuata reli, maduka yakaifuata serikali, na mji mpya ukajitwalia jina la nchi ya juu. Ile ya asili ikabaki kuitwa Old Moshi. Ndivyo gari la moshi lilivyohamisha Moshi.

Kwenda huko si kazi. Utachukua gari mpaka Kiboriloni, penye soko kubwa la mitumba na ndizi, na kutoka hapo barabara huanza kupanda kwenda Kidia. Ukiwa na miguu mizuri, shuka nusu ya njia uende kwa miguu, maana ndani ya daladala lililojaa hutaona ila mgongo wa jirani yako. Kidia pana kanisa la zamani na nyumba za wamisionari wa Leipzig. Hapo ndipo alipokaa Bruno Gutmann, aliyeandika vitabu vikubwa juu ya sheria na mila za Wachagga. Wazee walimkalisha chini wakamweleza, naye akaandika. Tsudunyi ndipo palipo na ule mti na kumbukumbu ya Mangi Meli. Mti wenyewe si mkubwa wa kutisha. Mtu asiyejua aweza kupumzika kivulini pake akala muhogo wake, akaenda zake.

Husimuliwa ya kuwa kichwa cha Mangi kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na mjukuu wake alikidai kwa miaka mingi. Mwaka 2023 wataalamu wa Berlin walitangaza ya kuwa, kwa kupima asili ya damu za jamaa walioko Tanzania na kuzilinganisha na mafuvu yaliyomo katika hifadhi zao, wametambua fuvu la mshauri mmoja wa Mangi Meli. La Mangi mwenyewe halikuonekana katika uchunguzi ule. Nalipokuwa nimesimama pale mara ya kwanza sikuyajua haya yote. Nalijua tu ya kuwa miaka kumi na mmoja nalifundisha jiografia kilometa chache kutoka mahali hapo.

Sasa, nataka mwangalie kitu kimoja ambacho mtakiona katika kila safari ya mlimani, nacho ni maji. Kando ya njia utaona mfereji mwembamba, labda upana wa hatua moja, maji yakienda kimya ndani yake. Wenyeji huuita mfongo. Usidhani ni mto. Mfongo umechimbwa kwa mikono. Wazee walikwenda juu bondeni, ambako mto hupita katika magenge, wakauzuia kidogo kwa mawe na udongo na majani ya migomba, wakayaongoza maji pembeni mwa kilima kwa mteremko mdogo sana, mpaka maji yakatokea mgongoni mwa kilima, juu ya mashamba. Hawakuwa na darubini ya kupimia wala karatasi. Wakikosea mteremko kidogo, maji husimama au hubomoa kingo. Kila mfongo una watu wake, na kila mtu ana zamu yake ya maji, na asiyekuja kazini siku ya kuusafisha hutozwa faini. Kwetu Upare tuna ndiva, yaani mabwawa madogo ya kukusanyia maji ya usiku, na nalikuwa nikijivuna nazo. Nalipoiona mifongo ya Uchagani nalipunguza majivuno.

Hapa ningependa kuwasahihisha wanafunzi wangu, maana katika majibu ya mitihani huandika ya kuwa mito ya Kilimanjaro hutoka katika barafu ya Kibo. Barafu hutoa sehemu ndogo tu. Maji mengi hutoka msituni, kwenye mshipi ule wa miti uliouzunguka mlima, ambao hupokea mvua na kuyakamata maji ya ukungu, ukayahifadhi ardhini na kuyaachia pole pole. Barafu yenyewe inakwisha. Tangu mwaka 1912 zaidi ya sehemu nane katika kumi zimetoweka. Jambo hilo lahuzunisha macho. Lakini mkulima wa Old Moshi ameniambia ya kuwa yeye humwogopa mwenye msumeno kuliko jua la kileleni, nami naona anajua asemalo. Baadhi ya mifongo niliyoifuata ilikuwa mikavu, na nyasi zimeota ndani yake. Wengine walisema mto umepungua. Wengine walisema mto upo, ila vijana wa kuchimba na kusafisha ndio hawapo. Sababu hii ya pili nitairudia.

Tuje Marangu, ambako wageni wa dunia nzima hufika na sisi hatufiki. Ni mwendo wa kilometa 40 hivi kutoka mjini. Utapita Himo, kisha gari litageuka kushoto na kuanza kupanda, na baada ya dakika chache utasikia hewa inabadilika. Mji wetu uko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na lango la hifadhi liko karibu mita 1,900. Na mjuavyo, kila upandapo mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi sita hivi. Chukueni sweta. Nalimpeleka mwalimu mwenzangu mwezi wa Julai akiwa na shati tupu, akatetemeka mpaka tukalazimika kumwomba mama mmoja wa mgahawa amruhusu akae jikoni karibu na moto. Huko jikoni alipewa bakuli la mtori, yaani supu nzito ya ndizi na nyama, na tangu hapo huniuliza kila wiki, "Tutakwenda lini tena Marangu?" Sijui kama ni kwa ajili ya jiografia.

Marangu Mtoni ndipo gari litakapowashusha. Siku ya soko hapapitiki kwa ndizi. Angalieni aina zake: za kupika, za kuiva, za kutengenezea mbege, mwenyeji atawatajia majina mengi kuliko mnavyoweza kukumbuka. Karibu na hapo pana maporomoko ya Kinukamori, ambapo hutozwa kiingilio kidogo. Wenyeji husimulia habari ya msichana Makinuka, aliyepata mimba kabla ya ndoa, na kwa kuogopa adhabu ya nyakati zile akaenda genge lile ajitupe. Alipofika ukingoni moyo ukamgeuka, akataka kurudi nyumbani. Akageuka, akakutana na chui, na kwa hofu akarudi nyuma akaanguka. Nimewasikia wageni wakicheka wasimuliwapo. Mimi kila nikifika pale huwaza ya kuwa alikwisha kukata shauri la kurudi nyumbani.

Mkipanda mpaka langoni, ambako huanzia njia ya wapanda mlima, mtawaona wapagazi na viongozi wakingoja kazi. Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni, na watu wa Marangu humtaja Yohani Lauwo, kijana wao, kuwa ndiye aliyewaongoza. Alifariki mwaka 1996, akiwa mzee mno. Na usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 ni Alexander Nyirenda aliyewasha mwenge wetu juu kule mita 5,895, na kilele kikaitwa Uhuru. Mwenye nafasi na aende pia Mamba, jirani wa Marangu, akawaone wahunzi wakifua chuma kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi. Ukoo huo ulifua mikuki tangu zamani. Siku hizi hufua zaidi panga na kengele za ng'ombe, na mikuki michache kwa watalii. Huko pia huonyeshwa mashimo ya chini ya ardhi ambamo watu walijificha pamoja na mifugo yao wakati wa vita. Ingieni mkiinama, na mwenye kifua kibovu abaki nje.

Pengine nitapataja kwa haraka tu. Machame, upande wa magharibi, ni nchi nzuri yenye mabonde marefu, na karibu nayo iko Lyamungo, penye kituo cha uchunguzi wa kahawa kilichoanzishwa mwaka 1934. Mwenye shamba la kahawa asikose kwenda, kwa kuwa ataiona mibuni mipya isiyoshikwa upesi na magonjwa. Materuni, katika Uru, ni karibu mno na mjini, na maporomoko yake ni marefu kuliko ya Marangu, ila njia ya mwisho huteleza. Sehemu ziitwazo Chemka, upande wa Boma Ng'ombe, si mlimani bali tambarare. Ni chemchemi zilizo safi kama kioo chini ya mikuyu. Watu huziita Maji Moto, lakini ukijitosa utaona ni vuguvugu tu. Ziwa Chala, kwenye mpaka wa Kenya ng'ambo ya Himo, ni shimo la volkano lililojaa maji ya buluu, na kingo zake ni kama kuta za nyumba. Tazameni kutoka juu mridhike. Mwaka 2002 mamba alimwua mtu aliyekuwa akiogelea humo, nami sitaki wanafunzi wanaonisikia wajaribu bahati yao.

Maneno machache ya desturi. Mkipita katika kihamba cha mtu, kumbukeni ya kuwa hamko porini, mmo uani mwake. Migomba ile mirefu, na kahawa chini yake, na magimbi chini ya kahawa, na mringaringa ukitia kivuli juu ya vyote, hiyo ndiyo nyumba yake, na chini ya migomba ile wamelala wazee wake. Pigeni hodi. Mkiona mmea wenye majani marefu yaliyochongoka umepandwa mpakani, huo ni isale. Msiung'oe wala msiuchezee, maana ni alama ya mpaka, na jani lake ni alama ya kuomba radhi. Msioge katika mfongo wala kutia kitu ndani yake, kwa kuwa chini yako yuko mtu anayekinga maji ya kunywa. Tokeni mapema, sababu mlima huonekana asubuhi na jioni, saa za katikati hujifunika. Epukeni Aprili, ambapo masika hufanya udongo mwekundu kuwa sabuni. Na ulizieni saa ya gari la mwisho kabla ya kushuka kwenye gari la kwanza. Mimi sikuuliza, nikateremka Uru kwa miguu usiku, nikimulikiwa na simu yenye chaji kidogo.

Nimeiacha mwisho safari moja. Mwaka jana nilipeleka Old Moshi wanachuo ishirini na wawili. Miongoni mwao alikuwamo kijana mmoja aliyezaliwa mjini Moshi, akasomea Moshi, na ukoo wake ni wa huko huko Old Moshi. Lakini hakuwa amepanda tangu alipokuwa mtoto wa kubebwa. Alikuja kwa sababu nilisema nitatoa alama kwa ramani nzuri. Tulipokuwa tukiufuata mfongo mmoja mkavu tukatokea uani kwa bibi mmoja mzee, aliyekuwa akiwakatia ng'ombe wake majani ya migomba. Tukamsalimu, tukamwomba radhi kwa kupita. Akatuuliza mmoja mmoja, "Wewe ni wa nani?" Ilipofika zamu ya kijana yule, akataja jina la ukoo wake. Bibi akaweka panga chini. Akamwuliza jina la babu yake, akalitaja.

Bibi akamshika mkono, akatupitisha kwenye migomba kama hatua mia mbili, mpaka mahali penye nyumba ya matofali, bati zima, madirisha yamefungwa kwa mbao. Akasema, "Hapa ndipo kwenu. Baba yako hufungua Desemba, siku nne. Kahawa hii babu yako aliipanda kwa mkono wake. Mimi huokota zinazoanguka, maana hakuna wa kuchuma." Kahawa ilikuwa imerefuka kama mti wa mwitu, haijapogolewa miaka mingi. Mfongo tulioufuata ulipita nyuma ya nyumba ile, nao ulikuwa umejaa majani makavu. Bibi alisema zamu ya kuusafisha kipande kile ilikuwa ya nyumba ile.

Kijana hakusema kitu. Alivua viatu, akaingia ndani ya mfereji, akaanza kutoa majani kwa mikono. Wenzake wakatazamana, kisha wakaingia nao. Walifanya kazi yapata saa moja na nusu. Walisafisha hatua hamsini, labda sitini. Maji hayakuja, bila shaka, maana juu yake palikuwa na vipande vingine ambavyo havikusafishwa, na vya nyumba nyingine zilizofungwa. Ramani hazikuchorwa siku ile, nami sikuzidai.

Tulipoaga, bibi alikata mkungu wa ndizi akampa kijana, akakataa fedha. Tulifika Kidia gari la mwisho likiwa limekwisha kuwashwa. Konda aliuangalia mkungu, akasema unachukua nafasi ya abiria, nao ulipiwe nauli kamili. Wanachuo wangu, ambao hubishania hata shilingi mia, walikuwa tayari kwa ugomvi. Lakini kijana yule alilipa nauli mbili, akaupakata mkungu mapajani mpaka Kiboriloni.